Digrii Thelathini

Masatu alianguka kutoka kwenye paa la kanisa Jumamosi saa kumi na robo jioni, akiwa anageuza spika. Waumini wanaokaa Nyakato walikuwa wamelalamika kwamba mahubiri hayawafikii, yanaishia Kamunyonge, na wazee wa kanisa wakaona ni haki spika iwaangalie na wao. Masatu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mambo ya spika hakuyajua, ila ngazi ilikuwa ya kwake. Aliigeuza vizuri, akarudi nyuma hatua moja ili aitazame, na hapo nyuma hapakuwa na paa. Musoma haina uhaba wa mawe. Moja lilikuwa pale pale chini.

Dada yake, Gaudensia, alipigiwa simu akiwa sokoni anafunika dagaa wake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, kiongozi wa kikundi cha wamama waombaji. Yeye ndiye aliyemlea Masatu tangu mama yao alipofariki. Sasa Masatu alikuwa na miaka thelathini na moja na hana mke, jambo ambalo ukoo ulikuwa bado unalijadili. Gaudensia alifika hospitalini na ndoo ya dagaa mkononi. Hakukumbuka kuiacha.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi alimkuta mdogo wake ana mpira mdomoni na mashine inahema kwa niaba yake. Nesi wa zamu alikuwa kijana mrefu kutoka Bunda, jina lake Fred, mtu asiyecheka wala kununa.

"Mama, tunampimaga mgonjwa wa kichwa kwa alama," Fred alisema. "Mtu mzima kama mimi na wewe ana kumi na tano. Ya chini kabisa ni tatu. Hata marehemu anapata tatu."

"Na Masatu amepata ngapi?"

"Saba."

Gaudensia alipiga hesabu. "Amewazidi marehemu nne."

"Ndiyo, mama."

"Bwana asifiwe."

Baadaye akaja daktari, jina lake Prosper, akashika picha ya kichwa na kuielekeza dirishani. Alisema hakuna donge la damu la kufanyiwa upasuaji. Ubongo wenyewe umechubuka na unavimba. Mguu ukivimba unatanuka, kila mtu anaona. Lakini fuvu halitanuki. Ni kama sufuria ambalo mfuniko wake umechomelewa.

"Hilo nalielewa," Gaudensia alisema. "Huyu ndiye anayechomeleaga."

"Sasa uvimbe ukizidi, presha inapanda humo ndani, damu safi inashindwa kuingia, na ubongo unasukumwa kwenda chini, kwenye tundu la shingo. Ukifika huko, mama, hatuna la kufanya."

"Mpaka lini?"

"Siku tano za mwanzo ndizo mbaya. Kumpeleka Mwanza leo, na matuta yale ya barabarani, siwezi kuthubutu. Tutamlaza usingizi wa dawa, tutampa dripu ya chumvi kali ya kuvuta maji kwenye ubongo, na kichwa chake kitakaa digrii thelathini, kimenyooka, pua ikiangalia dari. Asikohoe, asishtuke, asipate homa."

Gaudensia aliyashika yote isipokuwa digrii thelathini. Fred akamwona.

"Mama unauza nini?"

"Dagaa."

"Unawaanika wapi?"

"Kwenye chanja."

"Chanja yako imelala sawasawa?"

"Hapana. Inainama kidogo, maji yachuruzike."

"Ukiilaza sawasawa?"

"Maji yanasimama. Dagaa wanaoza."

"Basi," Fred alisema. "Damu iliyotumika inashuka kwa mishipa ya shingo. Kichwa kikilala, haishuki. Shingo ikipinda, haishuki. Ndiyo digrii thelathini."

Mkono wa kunyanyulia kitanda kile ulikuwa umepotea, kwa hiyo Fred alikuwa amekaza sehemu ya kichwani kwa gongo la mbao, akapima mwinamo kwa protrakta ya plastiki ya mwanafunzi, kisha akaibandika protrakta hiyo kwenye chuma cha kitanda kwa plasta. Gaudensia aliitazama kwa heshima. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaomba.

Jumapili, baada ya ibada, wamama waombaji walikuja saba, wamevaa vitenge vya sare. Mlinzi wa mlangoni aliona sare akafungua mlango. Fred alikuwa nyuma ya pazia anamhudumia mgonjwa mwingine. Mbele yao alikuwa Marieta, msaidizi wa Gaudensia, mwanamke mwenye sauti ambayo kanisa lilikuwa linaitumia siku umeme ukikatika.

"Jamani, mbona amekaa kama mtu anayesinzia kwenye gari?" Marieta alisema. "Shingo haimuumi? Mpeni mto."

Gaudensia alitaka kusema kitu kuhusu chanja. Lakini alikuwa hajalala tangu jana, na hawa walikuwa watu wake, na kwa miaka kumi na minne watu walikuwa wanatoka mpaka Butiama kuja kuombewa kichwa na yeye. Namna yake ilijulikana: kiganja kimoja kwenye paji la uso, kingine kisogoni, halafu anakandamiza na kutikisa, kwa sababu ugonjwa ukikaa kichwani lazima uone kwamba hautakiwi. Mto ukawekwa. Gongo likatolewa, kwa kuwa lilikuwa linamzuia Marieta kusogea. Mafuta yakapakwa upande mmoja wa kichwa, kisha kichwa kikageuzwa yakapakwa upande wa pili.

Wakaanza.

Masatu alikohoa kwenye mpira. Mashine ikaanza kulia. Kwa watu wa hospitali, ile ilikuwa kengele ya hatari. Kwa wamama waombaji, ilikuwa dalili kwamba kitu kimeguswa.

"Kinatoka!" Marieta alipaza sauti. "Kazeni!"

Wakakaza. Mashine nayo ikakaza. Gaudensia alikandamiza kwa nguvu zake zote, machozi yakimshuka, akimwambia Bwana asimwache mtoto huyu, na alikuwa na hakika, kuliko siku yoyote ya maisha yake, kwamba anasikilizwa.

Fred alifungua pazia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha.

"Tokeni. Wote. Mama, toa mikono."

Aliinyoosha shingo, akautupa mto sakafuni, akarudisha gongo. Akafunua macho ya Masatu kwa kidole na kuyamulika. Mboni ya kushoto ilikuwa ndogo. Ya kulia ilikuwa pana kama kifungo cha koti na haikujali mwanga. Mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka mpaka arobaini na nne. Daktari Prosper aliingia anakimbia. Wakamwongezea dawa ya usingizi, wakamfungulia chupa ya manitoli, dawa nyingine ya kuvuta maji, iende haraka, na mashine wakaizidishia mwendo kidogo kwa muda. Gaudensia alisimama ukutani, mikono yake ina mafuta, hajui aiweke wapi.

Ilichukua dakika ishirini na tano. Kisha mboni ya kulia ikaanza kurudi, polepole.

"Tungechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine," daktari alisema, akatoka.

Gaudensia aliuliza, kwa sauti ndogo, "Mwanangu Fred, kwani Mungu amekataa maombi yetu?"

Fred alikuwa anasoma protrakta. "Mama, mimi mambo hayo siyajui. Ila hapa hatukatai maombi. Tunakataa mikono."

Jioni hiyo Gaudensia alipiga magoti pembeni ya kiti. Maombi yake siku zote yalikuwa marefu, yana vituo na viitikio. Ombi hili halikuwa na hata kimoja. "Bwana, nisamehe maombi yangu. Nilikuwa nakuomba umponye, na mikono yangu inamnyonga. Nifundishe kukaa." Akaongeza jina la Fred, na la daktari, na baada ya kufikiri, la mtu aliyetengeneza manitoli. Akainuka, akahamisha kiti chake kutoka pembeni ya kitanda akakiweka mlangoni.

Kwa watu wa kwao, mgonjwa haonwi na mtu mmoja. Anaonwa na wote, na mtu akizuia wengine wasimwone mgonjwa, ina maana anajua kinachomuua. Gaudensia alilijua hilo. Yeye mwenyewe aliwahi kumsema jirani yake kwa kosa hilo hilo.

Jumatatu asubuhi Marieta alirudi na wamama kumi na wawili.

"Dada, jana tulikatishwa katikati," alisema. "Adui anafurahiaga sana akiona hivyo. Leo tunamaliza."

"Jana nusura tummalize kweli. Leo hamwingii."

"Sisi? Hatuingii?"

"Hata mimi siingii bila Fred."

"Eti ana presha ya kichwa," Marieta aliwaambia wenzake. "Na wanampa chumvi! Mama mkwe wangu ana presha, chumvi ameikataa miaka sita."

"Presha hiyo ni nyingine. Marieta, sikiliza. Natangaza mfungo."

Hapo walitulia, kwa sababu mfungo ukishatangazwa na kiongozi ni jambo la kanisa. Wakauliza ni mfungo wa chakula au wa maji.

"Wa sauti," Gaudensia alisema. "Siku tano. Mnakaa hapo nje kwenye benchi kwa zamu, mnaomba moyoni. Atakayetoa sauti amekata mnyororo, na tunaanza upya siku ya kwanza."

Marieta alijifunga kanga yake upya. "Maombi ya kimya ni ya mtu anayeumwa jino."

"Basi hilo ni la kwanza. Umeshakata. Tunaanza upya."

Wamama wengine walimgeukia Marieta vibaya sana. Tangu hapo alikaa kwenye benchi amefunga mdomo kwa ncha ya kanga, na wapita njia wakadhani ndiye mgonjwa.

Jumanne saa nne, mjomba akafika kutoka Butiama. Mzee Nyamburi alikuwa kaka wa mama yao, mwenye ng'ombe na mwenye neno la mwisho. Alikuja na watu kumi na mmoja na kibuyu cha maziwa, kwa sababu katika ukoo wao mgonjwa mkubwa hupuliziwa maziwa kichwani na mjomba, kisha anaitwa jina lake mara tatu kwa sauti, ili ajue njia ya kurudi. Wote walikuwa wamebatizwa. Maziwa yalikuwepo kabla ya ubatizo, na hakuna aliyeona sababu ya kuyaacha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Basi sogea."

"Mjomba, siwezi."

Mzee Nyamburi aliangalia kulia, akaangalia kushoto, ili watu wake wawe wamesikia. "Tangu lini dagaa wanamzuia ng'ombe kupita?"

Watu wakacheka. Shangazi mmoja wa nyuma hakucheka. "Anamficha! Tutaitwa siku ya jeneza. Mtu asiye na baya anafunga mlango?"

Maneno yale yalimfikia Gaudensia sawasawa. Aliona jinsi yatakavyosemwa Butiama mwaka huu na mwaka ujao. Masatu akifa, atakuwa ni yeye aliyemfungia. Na yeye akifungua, Masatu atakufa, halafu watu watamsifu dada mtu kwa ukarimu.

"Afadhali mniseme, awe hai," alisema. "Mjomba, utaingia. Peke yako. Lakini maziwa kichwani hapana."

"Yanapulizwa kichwani. Kichwa ndicho kinaumwa."

"Ndiyo maana hakiguswi."

"Kifuani, basi."

"Kifuani kuna nyaya."

"Mkononi?"

"Mkono huu una dripu, ule unapimwa presha."

"Sasa huyu mtu amebakiwa na nini?"

"Miguu, mjomba."

Mzee Nyamburi alifikiri. Nyuma yake watu kumi na mmoja walifikiri pia. "Wa kulia," alisema.

"Wa kulia uko wazi."

"Na jina nitaliita mara tatu."

"Uliite polepole."

"Nikiliita polepole atasikiaje?"

"Asikie kidogo tu, mjomba. Akisikia sana atakohoa."

Fred alimvisha mzee gauni la kijani na barakoa, akamwambia asiguse kitu chochote zaidi ya mguu uliokubaliwa. Mzee aliingia. Alimwona mtoto wa dada yake, uso umevimba, macho yamefungwa, kichwa kipo juu na miguu ipo chini. Alisahau kibuyu.

"Mbona mmemlaza kama amepanda mlima?"

Gaudensia alimweleza. Hakuwa na maneno ya daktari, kwa hiyo alieleza kwa aliyokuwa nayo: kwamba ndani kumevimba, kwamba uvimbe hauna pa kutokea, kwamba kichwa kikiwa juu kuna kitu kinashuka na presha inapungua, na kikilala inapanda mpaka inamuua.

Mzee Nyamburi alishusha barakoa. Fred akaipandisha.

"Amevimbiwa," mzee alisema.

"Si tumbo, mjomba. Ni kichwa."

"Nimesikia. Ng'ombe akila majani mabichi ya asubuhi akavimbiwa, unamfanyaje? Unamsimamisha mlimani, miguu ya mbele juu, ya nyuma chini. Akilala chini tu, amekufa. Na watu hawapigi kelele, na watoto wanafukuzwa, mpaka atoe hewa." Alisema hayo kwa hasira kidogo. "Ungesema pale mlangoni kwamba amevimbiwa kichwa, tungekuwa tumegombana bure?"

Alipuliza maziwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayezima mshumaa. Fred alipangusa kwa pamba yenye spiriti. Kisha mzee aliita jina mara tatu, kwa sauti ambayo hata Gaudensia, aliyekuwa pembeni yake, hakuisikia vizuri.

Nje aliwaambia watu wake maneno machache ya kwao, na shangazi yule akatazama chini. Halafu mzee akaomba kiti.

Kuanzia hapo mlango ulikuwa na watu wawili, na Gaudensia ndiye aliyekuwa mpole. Mzee Nyamburi alimrudisha shemasi. Alimrudisha mchungaji, akimwambia kondoo akivimbiwa ni vivyo hivyo. Jumatano alimrudisha Daktari Prosper, ambaye siku hiyo alikuwa hajavaa koti jeupe, na ilibidi Fred atoke kumtambulisha.

Jumatano hiyo hiyo homa ilipanda, thelathini na nane na nusu. Fred alisema homa inaufanya ubongo utumie chakula na hewa zaidi, na kuvimba zaidi. Walimpa dawa, wakamfunua, wakamfuta kwa vitambaa vya maji. Gaudensia alifuta mikono na miguu kuanzia adhuhuri, na kila mara kabla ya kugusa alitazama protrakta, na baada ya kugusa aliitazama tena. Fred alifunua macho kila saa. Alikuwa anasema neno moja tu, "Sawa," na Gaudensia alikuwa ameanza kuishi kwa ajili ya neno hilo. Jua lilipozama joto lilikuwa limeshuka. Nje, kwenye benchi, wamama waombaji na watu wa Butiama walikaa wamebanana, hakuna anayesema kitu. Mgeni aliyepita alitoa pole ya msiba, wakamkatalia kwa vichwa.

Alhamisi ilikuwa "sawa" siku nzima.

Ijumaa asubuhi wakampiga picha nyingine. Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Daktari Prosper akasema wapunguze dawa ya usingizi waone nani yuko humo ndani. Alimweleza Gaudensia bila kupamba: anaweza kuamka, anaweza asiamke, anaweza kuamka akawa si yule.

Walipunguza dawa saa mbili. Saa tatu hakuna kitu. Saa nne Fred alimfinya kwenye bega, na Masatu akakunja uso kama mtu aliyeamshwa kwenda shamba. Saa nne na nusu alifungua macho. Yalitazama dari, hayakuonekana kuifahamu.

"Muite, mama," Fred alisema. "Kawaida tu. Mwambie akushike."

Siku tano Gaudensia alikuwa hajamsemesha Masatu neno. Alitia vidole viwili ndani ya kiganja cha kulia cha mdogo wake.

"Masatu. Ni mimi. Nishike."

Kiganja kilibaki wazi. Fred alikuwa anatazama mapigo, daktari anatazama saa. Gaudensia hakuomba. Baadaye alilishangaa hilo, kwamba wakati ule hakuwa na maombi hata moja.

"Masatu, nishike mkono."

Vidole vikasogea, vikasimama, vikasogea tena. Vikamshika.

"Mwambie aachie," daktari alisema haraka. "Anayeshika tu, hata mtoto mchanga anashika. Anayeachia akiambiwa ndiye anayesikia."

"Masatu, niachie."

Akaachia.

"Nishike tena."

Akashika. Mkono wa kushoto walipoujaribu ulisogea kidogo tu, kwa uvivu, na daktari akasema huo utahitaji mazoezi, labda miezi, na maneno yanaweza kuja taratibu, na huenda akawa na hasira za haraka.

"Hasira alikuwaga nazo," Gaudensia alisema.

"Basi tofauti tutaitafuta kwingine," alisema Fred.

Alama zake, kwa mtu mwenye mpira mdomoni ambaye hawezi kujibu kwa sauti, zilikuwa kumi na moja, maana za kuongea alipewa moja tu. Kitanda kingeendelea na mwinamo wake siku mbili zaidi, na kelele bado haziruhusiwi. Lakini ile hatari ya ubongo kusukumwa chini, daktari alisema, kwa sasa ameipita.

Gaudensia alitaka kwenda kuwaambia watu. Akavuta mkono. Masatu hakuachia. Akamwambia aachie, na safari hii mdogo wake, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa msikivu, alifumba macho akaendelea kushika.

"Nenda wewe mwanangu," alimwambia Fred. "Waambie amenishika mkono. Halafu waambie kama wana la kusema wakalisemee ziwani, si hapa."

Fred alitoka. Gaudensia aliusikia mlango, akasikia sauti yake, maneno machache. Kisha akasikia benchi likilia watu waliponyanyuka wote kwa pamoja, na ndala na viatu na fimbo ya mjomba vikielekea getini bila hata mmoja kukohoa. Kutoka hospitalini mpaka maji yalipo ni mwendo wa kama robo saa, kwa wenye magoti mazuri. Alikaa, amenyoosha mkono, mgongo unamuuma, hathubutu kusogeza kiti. Alikuwa karibu kusinzia aliposikia kwa mbali sana kigelegele cha Marieta, kikafuatiwa na vingine, na katikati yake mzee mmoja wa Butiama akiita jina la Masatu kwa sauti yake yote, mara tatu.

Masatu alifungua jicho moja. Gaudensia akatazama protrakta. Ilikuwa sawa.